Pa Kuitikia

Mwalimu Matata aliacha seminari, akaacha na kanisa, ila mabishano hakuyaacha. Kila alasiri alikaa kando ya cherehani yangu hapa Gitega, akimweleza mkewe Domitila kwamba Ukristo umeshindwa, maana waliochinjana walitoka misa moja. Sasa watu waamini utu, basi.

Domitila alipukuchua maharage mlangoni, hana haraka.

"Mwalimu, ile utu yako haina hata wimbo moja ya kuzika mtu."

"Mi nitatunga."

Mimi, mwanamke wa Kiislamu, niliwacheka wote wawili. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa suruali za wateja wangu.

Mwaka ule wa vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, Domitila alikwenda kwa mama yake Gashoho, upande wa Muyinga. Malaria ikamkuta huko, dawa hakuna, akafariki. Nilimpenda kama dada, kwa hiyo nilipanda lori la magunia pamoja na Matata tukamzike. Safari ile naikumbuka kama ndoto ya homa: ukungu, mikaratusi, vizuizi, askari wakitutazama bila kuuliza kitu. Njia nzima midomo ya Matata ilikuwa ikicheza. Nilijua anatunga. Alikuwa amemwahidi mkewe.

Padri alishindwa kupita vizuizi. Kaburini mama mkwe akamgeukia Matata.

"Mwalimu, we ulisoma seminari. Sema sala."

Akisali, atamdanganya Domitila. Akinyamaza, mkewe atakwenda bila neno. Matata akasema maneno yake mwenyewe, na yalikuwa mazuri, Mungu shahidi. Alisema mwanamke huyu aligawa maharage bila kuuliza mtu ni kabila gani. Kisha akanyamaza.

Watu wakasubiri. Hakuna aliyejua kama amemaliza, wala la kuitikia. Majembe yalitulia mikononi, ukungu ukatufunika mpaka magotini, na Domitila alikuwa chini pale, peke yake. Nilimwonea Matata huruma.

"Amina," nikasema, mimi mtu wa msikitini.

"Amina," kilima kizima kikajibu. Udongo ukaanza kushuka.

Tukiwa juu ya magunia, tunarudi, Matata aliniuliza taratibu:

"Mama Twaha, pale ulimwitikia nani? Mungu, ao mimi?"

"Mke wako."

Akatazama mikaratusi ikipita.

"Angenicheka."

"Angekucheka sana," nikamwambia, na hapo ndipo alipoanza kulia.