Henza ya Mwahija

Henza ya mashua ya Mfaume ilikuwa imekwisha. Kamba ya kupandishia tanga haina pa kujificha: kila siku inapanda na kushuka, inasuguliwa kwenye kapi kule juu ya mlingoti, na siku ikichoka kila mtu anaiona. Hii ilikuwa imenyonyoka mahali patatu, na mahali pamoja palibaki uzi wa kumfungia kuku.

Dada yake, Mwahija, alikuwa na mpya tayari. Makumbi ya nazi alikuwa ameyafukia mwenyewe katika matope ya pwani ya Kilwa Kisiwani, yakalala humo miezi tisa. Akayafukua yakinuka, akayaponda kwa rungu, akasokota mpaka viganja vikaota sugu. Na desturi ilijulikana na wote: henza ni mali ya aliyeisokota mpaka siku atakapoiteremsha pwani na kumkabidhi nahodha kwa mkono wake. Nahodha akijichukulia nyumbani, hapati baharia wa kuivuta.

Asubuhi ile Mfaume alifika mlangoni, uso umemsawajika.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Ombasha wa Mdachi amevuka kutoka Masoko na askari wake. Anaitaka mashua leo hii. Askari kumi na wawili na masanduku ya risasi, mpaka Lindi."

"Lindi wana nini?"

Mfaume akatazama chini. "Wanashukia huko tu. Wanakwenda bara, Mtama."

Mtama alikuwako Adija, binti wa pekee wa Mwahija, aliyeolewa na Mmwera mwaka juzi. Wamwera walikuwa wameikataa pamba ya Mdachi na viboko vyake, wakanywa dawa ya mganga, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Mwahija hakuiamini dawa ile hata chembe, ndiyo maana alimwogopea binti yake. Habari za Umatumbini zilikuwa zimekwisha kufika Kisiwani: nyumba moto, ghala moto, na mtu akikimbia anapigwa risasi ya mgongo.

"Nipe henza, dada," Mfaume akasema. "Tanga lisipopanda watanipiga viboko hamsa ishirini, na chombo watakitia moto."

"Na Adija?"

"Adija si mwanangu pia? Lakini nifanyeje? Mwenye nguvu mpishe."

"Basi mpishe wewe."

Akajitwika kamba kichwani, akachukua na panga lake, akateremka pwani. Mfaume akamfuata nyuma akimshukuru Mungu, akidhani dada amekubali. Miaka hamsini ndugu tumbo moja, na bado hakujua kwamba Mwahija akinyamaza ndipo pa kuogopa.

Pwani watu walikuwa wamejaa. Askari wamekwisha kupanda, wamekalia masanduku. Ombasha mwenyewe alisimama mchangani na kiboko chake. Alikuwa mtu wa bara ya mbali, na bahari aliijua kwa kutapika tu.

"Lete kamba," akasema.

Mwahija akaiweka henza juu ya gogo la kukalishia mashua, imekunjwa vilevile duara kwa duara. Akainua panga. Pigo la kwanza lilimuuma yeye kuliko kamba, maana aliona miezi yake yote ikipasuka. La pili halikumuuma sana. La tatu alilifurahia. Alipopiga la nne, henza nzima ilikuwa vipande vya dhiraa moja moja, havifai hata kufungia mbuzi.

Kiboko kikamshukia begani mara mbili, nguo ikachanika na damu ikatoka.

"Umeharibu kamba ya serikali!"

"Kamba ilikuwa yangu," Mwahija akasema. "Sijamkabidhi mtu."

"Utasokota nyingine!"

"Nitasokota, kwa nini nisisokote? Makumbi nikiyafukia leo, wewe njoo mwakani."

Watu wakaangua kicheko. Ombasha akamnyang'anya panga, akawaamuru askari wake waikate henza ya zamani mahali palipochakaa na kuifunga mafundo. Wakafunga, makubwa na madhubuti, kama wanavyofunga mizigo ya wapagazi. Mabaharia wote waliokuwa pale walilijua litakalotokea, na hakuna aliyefungua kinywa.

Wakavuta. Tanga likapanda nusu ya mlingoti, fundo la kwanza likafika kwenye kapi, likagoma kupita. Ombasha akafoka, wakavuta kwa nguvu zote, kamba ikakatika, foromali, mti unaobeba tanga, ikaanguka na tanga likawafunika askari na masanduku yao. Mwahija alicheka mpaka jeraha la bega likatoneka.

Lakini ombasha hakuwa mjinga wa kutupwa. Akamgeukia Mfaume. "Kivinje nimewaona mabaharia wakiunga kamba bila fundo, wanaifuma ncha kwa ncha. Wewe nahodha. Unga."

Mwahija akaacha kucheka. Kazi ile Mfaume angeimaliza kabla ya adhuhuri, na jua lisingekuchwa mara mbili kabla askari hawajaiona Lindi. Akamtazama mdogo wake, naye Mfaume akamtazama yeye: bega lake, damu, vipande vya kamba miguuni pake.

"Sijui," Mfaume akasema.

"Hujui nini?"

"Kuunga kamba. Sikujifunza."

Nahodha wa miaka thelathini! Ombasha akawageukia wengine. Akamuuliza Kibwana, aliyewahi kufika Maskati na kurudi, hajui. Akamuuliza mzee Bakary, aliyezaliwa chomboni. Mzee akasema macho hayaoni, na hata yalipokuwa yakiona hakujua. Pwani nzima ya Kisiwani, watu wasiokuwa na kazi nyingine tangu babu zao, hapakuwa na hata mmoja aliyejua kuunga kamba.

"Hamsa ishirini," ombasha akasema, na kidole kikamwelekea Mfaume.

Askari wawili wakaja kumkamata. Mfaume akaipisha mikono yao isimguse, akavua kanzu, akamkabidhi dada yake, akalala mchangani mwenyewe. Baada ya kila viboko vitano walimuuliza, na kila walipomuuliza alijibu, sauti ikizidi kuwa ndogo lakini neno ni lilelile, hajui.