Wapangaji wa Nyumba Moja

Meneja alikitua kikombe chake cha chai juu ya seva, palepale alipokwisha kukatazwa, wala hakusalimu.

"Wifi, kiraka chako kimekula nguo nzima. Wateja wanalalamika mashine zao zinatambaa. Kitoe."

"Sikitoi, wifi," Fundi alijibu.

"Na hapa kazini mimi si wifi yako."

"Umeanza wewe."

Ndivyo walivyokaa tangu Fundi aolewe na kaka yake Meneja: sukari mdomoni mbele ya mama mkwe, shubiri penginepo pote.

Fundi alipenda vitendawili, na kazi yake aliieleza kwa kimoja: nyumba yangu moja, wapangaji tele, kila mmoja hudhani ni yake peke yake. Nyumba ni seva, kompyuta kubwa moja. Wapangaji ni mashine pepe, kompyuta za kiprogramu zilizomo ndani yake, moja ya hospitali, moja ya duka la viatu, nyingine ya mtu asiyejulikana hata sura, aliyekodi kupitia mtandao. Kuta zilitosha, mpaka ilipogundulika kwamba prosesa, ubongo wa nyumba, ina kiherehere. Hutegua kitendawili kabla hakijategwa. Ikikosea hulifuta jibu, lakini makombo hubaki, na jirani mwenye hila huyaokota akajua kilichopikwa kwa mwenzake. Kiraka, programu ya kuziba tundu hilo, kiliizuia isiropoke. Na asiyeropoka hujibu polepole.

"Faili la mama yako limo kwenye mashine ya hospitali," Fundi alisema. "Ugonjwa ambao hata shangazi zako hawaujui. Bado nikitoe?"

"Usimfanye mama ngao yako. Nionyeshe kwamba kiraka kinafanya kazi. Kama hakifanyi, kitatoka, na wewe utatoka nacho."

"Vuta kiti."

Fundi aliifungua mashine ya hospitali, vidole vikiringa. Akaiuliza kama ina kinga. Jibu likaja kwa alama za kifundi: haina. Akauliza tena, taratibu, kana kwamba mashine ndiyo iliyosikia vibaya. Haina.

Ndipo akalitambua kosa lake. Nyumba aliitia kiraka, naam. Lakini wapangaji aliwaamuru wajiwashe upya tu, na mashine pepe inayojiwasha upya ni kama mtu aliyegeuka upande kitandani. Hajatoka nje, hajaona kwamba mlangoni pana kufuli jipya. Zilipaswa kuzimwa kabisa, ziwe si kitu, ndipo ziwashwe. Siku zote hizi wateja walikuwa wametozwa kasi yao, na kinga hawakuipata. Na yule jirani asiye na sura alikuwa ukutani, sikio wazi.

Meneja hakuzijua alama zile. Angeambiwa lolote, angeondoka.

"Inasemaje?"

"Inasema nimekosea."

"Rudia, sijasikia vizuri."

"Umesikia. Nilizigeuza upande, sikuzizima. Nataka kuzizima zote sasa hivi, mchana huu, wateja wakiwa kazini."

Meneja aliegemea kiti, akalionja lile neno 'nimekosea' kama pipi. "Sema: 'Wifi, naomba.'"

Fundi aliweka kidole juu ya kitufe cha kuzimia. "Wifi, naomba."

Kisha Meneja akakiondoa kikombe juu ya seva, akakipakata.

"Anza na ya mama. Habari ya kufukuzwa kwako tutaizungumza baadaye."

Fundi akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake zikajitokeza nyuso mbili, bega kwa bega, zisizotazamana. Simu ya mezani ikaanza kulia, bila shaka ni hospitali. Meneja akanyoosha mkono, kisha akaukunja, akaiacha ilie mpaka mashine iwake.