Wimbo Ukirudiwa, Nguo Inarudi

Jumanne saa tisa alasiri, shangazi Seonag alikuwa jikoni kwake kisiwani Lewis, Uskoti, anapiga meza kwa viganja na kuimba. Zamani wanawake wa huko walizunguka meza wakaponda kitambaa kibichi cha sufu mpaka kirudi, kinywee na kiwe kizito cha kuzuia upepo, na nyimbo ndizo zilizowapa mapigo. Oighrig, mtoto wa kaka yake, alishika kinasa sauti. Tormod, mwenzake wa bendi, alishika laptopu na biskuti zote.

“Kitambaa kimoja, wimbo unaimbwa mara moja,” shangazi alisema. “Wimbo ukirudiwa, nguo inarudi mpaka inakuwa ya mdoli. Nyimbo ninazo arobaini, jamani. Haraka ya nini?”

Walikuwa nayo. Tormod alikata ubeti wa kwanza, akazifuta beti nyingine, akautilia ngoma za kompyuta, akauzungusha mara sitini na nne. Oighrig akapitisha fidla juu yake. Kusema kweli, ulikuwa mtamu.

Wiki hiyo koti la shangazi lilimbana. Wiki ya pili lilimkaa vizuri, maana naye alikuwa amerudi kama nguo. Wimbo ulipofika redioni, yeye alifika kimo cha meza. Mwenye duka akamshushia majani ya chai kwenye rafu ya chini. Kanisani wakampa vitabu viwili vya zaburi, kimoja cha kusoma, kimoja cha kukalia.

Oighrig akarudi kunasa zile nyimbo thelathini na tisa zilizobaki. Shangazi aliziimba zote, ameketi ukingoni mwa kisahani cha siagi. Kwenye mashine ilisikika friji tu.

“Tuufute ule wimbo,” Oighrig alimwambia Tormod.

“Halafu kwenye tamasha la Glasgow tukaimbe nini, dada? Friji?”

Walikwenda. Watu elfu mbili waliruka, wakaimba ubeti ule kwa matamshi ya ajabu, wakadai tena. Oighrig alijua kila ‘tena’ itampunguza shangazi. Akainua fidla.

Siku hizi shangazi anaishi kwenye kasha la fidla, kando ya kipande cha ulimbo wa kupaka upinde. Juzi mwandishi wa gazeti aliuliza ubeti wa pili unasemaje. Oighrig akafungua kasha, akainamisha sikio. Kiganja kilikuwa kinapiga ubao, na mdomo unakwenda, lakini sauti haikumfikia.

“Hauna ubeti wa pili,” akajibu.