Moyo Uko Kushoto

Kazini walimwita Bi Kanuni, na jina likamganda. Wapiga picha za eksirei walikuwa na tabia ya kuzipakia kwenye kompyuta ya hospitali kinyumenyume, kulia kukawa kushoto, na wakiulizwa kila mmoja anamsukumia mwenzake lawama. Yeye ndiye aliyekomesha mchezo huo. Aliifundisha kompyuta mwili wa binadamu kama mtu anayemtembeza mgeni nyumbani: pafu liko kifuani, moyo uko kifuani, moyo uko kushoto. Kisha akaipa kanuni: ukiona moyo kulia, picha imegeuzwa, irudishe sawa, ndipo uandike ugonjwa na upande wake. Alipongezwa, akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba?

Asubuhi moja baba yake alilazwa hospitalini humo humo, wodi ya ghorofa ya chini, akihema kama aliyekimbizwa. Picha yake ilipofika kwenye skrini ya Bi Kanuni, kompyuta ilikuwa tayari imeandika lebo: maji, kifua cha kulia, yatolewe leo. Akashusha pumzi. Maji yana dawa; sindano inaingia, maji yanatoka, mzee anarudi nyumbani kugombana na redio yake. Akampigia simu daktari wa zamu, akamwomba amtangulize baba yake. Daktari alikuwa na foleni ya kutisha, akakubali bila maneno mengi.

Nje ya chumba cha matibabu alimkuta mama yake kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Usiwe na wasiwasi, Mama. Ni maji tu, upande wa kulia."

"Kulia?" Mama akamgeukia. "Wamchome upande wa moyo?"

"Moyo uko kushoto, Mama."

"Wa watu wengine. Mimi nimelala kifuani kwa baba yako tangu hujazaliwa, mwanangu. Wake unapiga huku." Akajigusa kulia. "Mwenyewe husema ni mbishi mpaka moyo."

Bi Kanuni hakungoja amalize. Aliusukuma mlango kwa bega. Ndani, daktari alikuwa ameshika bomba la sindano lililojaa damu, na nesi anamwita mzee kwa sauti ya juu, tena na tena. Walihangaika naye sana. Wakashindwa.

"Lebo ilisema kulia," daktari alisema. "Hata kifua sikumgonga nisikie maji yako upande gani. Niliiamini."

"Hata mimi," alisema Bi Kanuni.

Mpiga picha hakuwa ameigeuza picha; kanuni yake ndiyo iliyoigeuza. Baba yake alizaliwa na moyo kulia, na yeye, binti wa kumzaa, hakuwahi kujua.

Alimwacha mama akilia mikononi mwa nesi, akapanda ofisini, maana picha za watu wengine zilikuwa zinaendelea kuingia. Akaifuta kanuni, akaandika nyingine: ukiona moyo kulia, usigeuze, muulize mtu. Basi. Mstari mmoja. Alitamani ingekuwa kazi ngumu, ya miaka, ya kuwashinda mabingwa, lakini aliimaliza kabla machozi hayajamkauka shavuni.

Kanuni mpya lazima ijaribiwe. Picha ya moyo ulio kulia kweli aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya baba yake. Akaifungua kama ilivyopigwa.

Moyo unaonekana kulia, kompyuta iliandika. Je, ndivyo alivyo mgonjwa huyu?

Akabonyeza ndiyo.

Papo hapo lebo ikatoka: maji, kifua cha kushoto, yatolewe leo.