Feni Isiyongoja Moto

Baba mdogo Helgi hagusi kitasa cha mlango wa Amma, bibi yangu, kwa kidole wakati wa baridi. Hukigusa kwa kiwiko kwanza, cheche ikiruka iruke huko, ndipo afungue. Akishavua buti na kukanyaga zulia kwa soksi zake za sufu, anakuwa betri inayotembea, kwa jinsi hewa ya humo ilivyo kavu. Ukimpa mkono mnapigwa shoti wote wawili.

Alhamisi ile alisahau kiwiko. Tulimsikia akitukana mlangoni.

"Ingia, mwanangu," Amma alisema kutoka jikoni. "Shetani wako ametangulia, tumemsikia."

Lakini Helgi hakucheka. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemkuta mama yake amekaa sakafuni, taulo puani, damu imemlowesha hadi kifuani. Daktari alisema ni hewa kavu: mishipa ya pua ya mtu wa umri wake ni myembamba, na hewa ya nyumba yake ingeweza kukausha samaki.

"Mama, kule Gimli, nyumba ya wazee, chumba kimepatikana," Helgi alisema. "Jumatatu wanataka jibu. Jumapili nakuja kukuchukua ukakione."

"Kina jiko la kuni?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Nyumba ya wazee haina jiko la kuni, unajua. Ina wauguzi. Ina hewa yenye unyevu. Mimi nimeshajaribu hapa. Nilikuletea tanuri jipya la kupasha nyumba nzima joto, nikakufungia na mashine ya unyevu kwa mikono yangu mwenyewe. Imesaidia nini? Kila baridi ni damu tu."

Amma aliweka donge la sukari kati ya meno, akanywa kahawa juu yake. Jiko lilikuwa linaguruma sebuleni nyuma yake. Bomba la moshi alilijenga babu, na tangu azikwe sijaona siku ya baridi ambayo Amma hakuamka akaliwasha kabla ya kuvaa miwani.

Helgi alipoondoka, Amma aliniambia, "Alda, wewe umesoma mambo ya mitambo. Kashuke uiangalie hiyo mashine. Kama imekufa, niambie imekufa, nianze kukunja nguo."

Nilikuwa nimemaliza chuo Winnipeg miezi michache tu, natafuta kazi, na nilikuwa bado naamini kwamba nyumba ya mtu inaweza kurekebishwa ikamfaa, badala ya mtu kuhamishwa akaifae nyumba. Bado naamini hivyo.

Nilishuka chumba cha chini. Tanuri lilikuwa limetulia. Ubavuni mwake, kwenye bomba kubwa la hewa, ilikaa mashine ya unyevu. Nikafungua kifuniko chake. Ndani mna sifongo ambayo maji huitiririkia, na feni ya tanuri hupuliza hewa ipite humo kwenda vyumbani. Sifongo ile ilikuwa kavu na nyeupe kama siku ilipotoka dukani. Haikuwahi kulowa.

Nikafuata nyaya zake kwa kidole. Helgi alikuwa amezifunga safi kabisa, palepale kitabu kinapoelekeza: mashine ifunguliwe maji tanuri linapowaka moto. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Kidhibiti cha joto, kile kinachoamuru tanuri liwake, kilikuwa ukutani sebuleni, kinatazamana na jiko la kuni. Kilikuwa kinaota moto kama paka. Kwa nini kiamuru tanuri liwake? Kadiri baridi ilivyozidi nje ndivyo Amma alivyozidisha kuni, tanuri likalala, na mashine ikaendelea kungoja moto ambao haukuja.

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo jiko la babu yako ndilo linalonitoa damu."

"Hapana, Amma. Ni—"

"Nikilizima itafanya kazi?"

"Itafanya."

"Basi Gimli na hapa patakuwa na tofauti gani?" alisema, akainuka kwenda kutazama kuni zake.

Nilirudi chini nikalitazama tanuri tena. Kisha nikaona kwamba tanuri lina vitu viwili, moto na feni, na hakuna sheria inayosema lazima viende pamoja.

Kesho yake nilinunua kidhibiti kipya kinachopima joto na unyevu pia. Hewa ikikauka, hiki kinaweza kuita feni na maji bila kuwasha moto. Tatizo lilikuwa ukutani. Kile cha zamani kilikuwa na nyaya mbili tu, za kuagiza moto basi. Hiki kipya kilihitaji zaidi: waya wa umeme na wa kurudisha, wa moto, wa feni, na nyaya nyingine mbili za mashine ya unyevu. Na waya wa zamani ulikuwa umepigiliwa kwa ndani, hauvutiki, kwa hiyo ilibidi mpya upitishwe ndani ya ukuta.

Nilizima umeme wa tanuri, nikatoboa tundu kutoka chini, chini ya ukuta uleule. Amma akasimama juu na mkufu wake wa shaba, tumeufunga kwenye uzi mrefu, autumbukize kwenye tundu la kidhibiti nami niudake kwa waya uliopinda. Tulizungumza kupitia mabomba ya hewa.

"Amma, unanisikia?"

"Nakusikia kama mtu aliye kaburini. Huko kwema?"

"Teremsha zaidi. Utikise."

"Natikisa. Mkufu huu nilivaa siku ya harusi, ukiupoteza humo ukutani utalala humo nao."

"Nimeukamata!"

"Nivute?"

"Ngoja nifunge waya kwanza! Amma! Ngoja!"

Alikuwa ameshavuta. Tukarudia. Mara ya pili mkufu ulipanda na waya wangu nyuma yake, na nikamsikia juu akisema peke yake, "Njoo, njoo, njoo," kama anayeita kuku.

Nilifunga kila waya mahali pake. Zile za mashine ya unyevu nilizitoa kwenye kiungo cha moto wa tanuri, nikaziunga na kidhibiti. Mpira wa maji nikauhamisha kutoka bomba la baridi hadi la maji ya moto, kwa sababu hewa isiyopashwa na tanuri hainywi maji baridi vizuri. Nikarudisha umeme. Kidhibiti kiliwaza kidogo, kikalia tik, na chini feni ikaanza bila moto wowote. Maji yakatiririka. Niliishika sifongo kwa kiganja hadi ikalowa.

Amma alisimama juu ya tundu la hewa. "Linanipuliza miguu."

"Vaa soksi nzito."

"Na hili ndilo ulilosomea?" Lakini hakuondoka pale.

Asubuhi ya Jumamosi madirisha yote yalikuwa yameota barafu kwa ndani, maji yakidondoka kwenye fremu. Nilikwenda kukitazama kidhibiti. Amma alikuwa amepandisha namba ya unyevu kwa siri. Unga wake wa mkate ulikuwa umeumuka vizuri kwa unyevu ule, akaona azidishe. Nilimweleza kwamba nje kukiwa na baridi kali namna ile unyevu mwingi huozesha fremu. Tukashusha. Mchana madirisha yalikuwa makavu, na mto wake wa kulalia ulikuwa hauna doa la damu.

Jumapili Helgi alikuja. Kiwiko kwenye kitasa. Akavua buti, akavuka zulia, akanyoosha mkono kumsalimia mama yake huku amefumba jicho moja, anangoja shoti.

Haikuja.

Alitazama kiganja chake. Akakigusa kitasa cha stoo. Akagusa taa. Akanigusa mimi sikioni. "Mmefanya nini?"

Alishuka chini, nami nyuma yake. Alisimama mbele ya mashine, akatazama nyaya, kisha dari, pale jiko lilipo juu yetu, na nikaona ameelewa.

"Miaka yote hii," alisema. "Nilimfungia kitu kisichofanya kazi."

"Ulikifunga sawasawa, Ba'mdogo. Ulikifungia nyumba inayotumia tanuri. Mama yako hatumii tanuri."

"Hatumii," alisema. "Hata nilipolilipia hakuniambia."

Tuliporudi juu, Amma alikuwa amevaa koti la kutokea. Mkoba ulikuwa magotini.

"Mimi niko tayari," alisema. "Ulisema utakuja kunichukua nikakione."

Helgi alimtazama. Feni ikaanza tena chini, polepole, na joto la jiko likaanza kusogea kuelekea chumba cha nyuma anakolala.

"Mama, nitawapigia kesho wampe mtu mwingine," alisema. "Lakini ukitoka damu tena, tunazungumza upya. Bila mizaha."

"Bila mizaha," Amma alikubali. Alivua koti, akampa alitundike. "Sasa kaniletee kuni. Na ukirudi, fungua mlango kwa mkono kama mtu mzima."

Helgi alitoka. Tulimsikia akishusha mzigo kizingitini, akasita. Kisha kitasa kikazunguka taratibu, na hakuna aliyetukana.