Kesho Yake Siku ya Mwisho

Mwaka 2002, volkano ilipoingia mjini Goma, mtaa wetu mzima uliamini kwamba Bwana amerudi. Msitucheke. Vita tulikuwa tumeviona, wakimbizi tulikuwa tumewaona wakijaza barabara ya Mugunga, wafu wa kipindupindu tulikuwa tumewazika. Kilichobaki katika mahubiri ni moto tu, na sasa ulikuwa unateremka mlimani kuja kwetu.

Basi tukiwa njiani kukimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, magodoro kichwani, watu walianza kutubu kwa sauti. Buhendwa alimweleza mkewe habari za mwanamke wa Bukavu. Maskini, dunia haikuisha, na mkewe ana kumbukumbu nzuri. Mimi nilitega masikio pande zote. Nikitaka kujua jambo, aibu huwa naiacha nyumbani.

Ndipo nikamsikia jirani yetu, mzee Ntirenganya, akimwambia Katungu jambo ambalo hakuna aliyelijua. Katika vita vya 1996 Katungu alikimbia risasi na mwanawe Lévi, akagonga mlango wa mzee huyo. Haukufunguliwa. Mtoto alipigwa risasi, akafa pale pale kizingitini. Miaka yote Katungu alituambia kwamba nyumba ilikuwa tupu, na Jumapili alikaa benchi moja na Ntirenganya.

"Nilikuwa ndani, Mama Lévi," mzee alisema. "Nilikusikia. Niliogopa."

Katungu hakusimama wala kumtazama. "Nimekusamehe, papa. Tutembee."

Dunia ikakataa kuisha. Tuliporudi, tulikuta mawe ya moto yamefunika nyumba ya Katungu na kukomea karibu kabisa na ukuta wa Ntirenganya. Hilo lilinisumbua sana. Kama ile ilikuwa hukumu, nani alikosea nyumba?

Katungu akahamia kwangu. Salamu ya Ntirenganya hakuiitikia tena. Katika jumuiya yetu ya sala tukabishana mpaka chai ikapoa: msamaha uliotolewa siku ya mwisho, siku yenyewe ikiahirishwa, unabaki au haubaki? Padri Wenceslas alikuna kichwa, akasema seminari hawakufundishwa hilo. Nikachoka kubahatisha, nikamwuliza Katungu mwenyewe.

"Kule njiani nilisamehe mutu mwenye alikuwa anaenda kufa," alisema Katungu. "Huyu mwenye anaishi, bado sijamusamehe. Na siku ile itakuja kweli, nitasimama mbele ya Mungu na neno la uongo mu kinywa."

Nikamwonea huruma, maana niliona hofu yake si ya mchezo. Ntirenganya alikuwa ameungama na kumaliza, na mzigo ulikuwa umehamia kwa Katungu.

Mzee naye hakukaa bure. Aling'oa mlango wake, akauegemeza ukutani, akajaza nyumba watu waliounguliwa nyumba, yeye mwenyewe akilala kwenye sakafu ya jiko. Tulimsifu sana. Katungu akaenda kuona, nami nyuma yake, kama kawaida yangu. Alipoutazama uwazi ule alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Rudisha mulango, papa," alisema. "Mimi niligonga mulango. Hapa nitagonga nini?"

Ntirenganya aliurudisha kwenye bawaba zake, akawaomba wageni wake watoke, kisha akajifungia ndani peke yake. Sote tukabaki uani.

Katungu akagonga. Haukufunguliwa. Akagonga tena, na sasa tukamsikia mzee akilia nyuma ya mbao, mkono wake ukihangaika na komeo. Nilitaka kusukuma, nimalize mambo. Katungu akanishika mkono, akanirudisha nyuma, akangoja.

Mlango ukafunguka.

Hakuingia. Alisogea kando kidogo, kama mama anayempisha mtoto atangulie.

"Ingia, Lévi," alisema.

Akasubiri kidogo. Kisha naye akaingia.