Kikao cha Meza ya Msiba

Mume wangu Orrin hakumbuki tena jina langu, lakini nikiingia katika nyumba ya wazee ya mji wetu hunishika shavu. Baraza la mji lilikuwa linafikiria kuifunga. Ikifungwa atapelekwa mji wa Lincoln, mbali, na jimbo letu la Nebraska ni pana. Macho yangu hayaniruhusu tena kuendesha gari. Ndiyo maana niligombea udiwani, nikashinda.

Tuko madiwani watano. Mama yake Merle, diwani mwenzangu, alifia nyumba hiyohiyo. Baada ya mazishi nilikaa naye kwenye ukumbi wa kanisa, pamoja na diwani mwingine, Kirsten, tukila nyama ya nguruwe na saladi ya viazi.

"Walimwosha mama kama mama yao," Merle alisema, machozi yanamtoka.

"Basi usikubali ifungwe."

"Siifungi, Verna. Kura yangu unayo."

"Hata yangu," Kirsten akasema.

Mwenyekiti wetu, Duane, alipita na sahani ya pai. Alitusikia, akatabasamu tu.

Siku ya kupiga kura alimpa nafasi mwanasheria wa mji. Madiwani watatu wakizungumzia jambo la mji, alisema, hicho ni kikao, hata kama wako msibani. Na kikao ambacho wananchi hawakutangaziwa ni kosa. Mtu anaweza kushtakiwa.

"Tulikuwa tunazika, Duane," nikasema.

"Pole, dada. Sheria sikuitunga mimi."

Kirsten aliogopa, akakataa kupiga kura. Merle aliinamisha kichwa, kisha akanyoosha mkono kukubali ifungwe, pamoja na Duane na rafiki yake Duane, Glen, diwani wa tano. Nyumba ikafungwa. Nilitamani kumzaba Merle kibao, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

Nilipotoka nikapitia mgahawani. Duane na Glen walikuwa meza moja. Merle alikaa meza ya nyuma yao, amewapa mgongo.

"Lile jengo tumuuzie nani?" Duane alimuuliza Glen, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

"Shemeji yangu anatafuta ghala," Merle akasema, macho kwenye kikombe chake.

"Ghala ni wazo zuri," Glen akamjibu Duane.

Nilisimama mbele yao. "Na hiki si kikao?"

Duane alinitazama kwa upole, kama anayemtazama mgonjwa. "Kikao gani, Verna? Sisi tuko wawili. Merle anakunywa kahawa yake peke yake."

Merle hakugeuka. Nikaenda kumfungashia Orrin nguo zake za kwenda Lincoln.